Gari Kubwa la Mutisya

Kangemi,
Jumapili, alasiri

Mwanangu Fanisi,

Mama yako na shangazi yako wamekwenda kanisani kukuombea safari, na wewe umetoka kuwaaga marafiki zako kule Muthangari. Nimebaki peke yangu na sanduku lako lililofungwa kamba. Nimeketi hapa mlangoni ambako jua bado linatosha kuandikia. Sijazoea barua ndefu. Barua zangu zote zimekuwa za mistari minne, za kumwambia babu yako kule Bunyore kwamba tuko salama na mvua imenyesha. Hii itakuwa ndefu kidogo. Usiifungue mpaka treni ipite Nakuru.

Sitakwambia habari za kufua, wala za kuweka nauli ya kurudia, wala za kuchagua marafiki. Mama yako amekwambia hayo wiki nzima, na nilimsikia hata akikufundisha kukaanga samaki wa Uganda ambao yeye mwenyewe hajawahi kuwaona. Mimi nina jambo moja. Nililificha ulipokuwa mdogo, nalo linahusu kazi unayokwenda kuifanya.

Barua ile ya Kampala ilisema utakuwa karani wa kupiga taipu katika duka la magari. Mtu ataandika kuuliza gari fulani ni bei gani, wewe utapiga jibu, na meneja atatia sahihi chini yake. Ulipotusomea, mama yako alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja, na mimi nikatoka nje. Ulidhani nimezidiwa na furaha. Furaha ilikuwepo, Mungu anajua. Lakini nilitoka kwa sababu nilimkumbuka Mutisya.

Unamkumbuka? Alikuwa Mkamba mrefu, mwembamba, muuza mayai. Alipanga chumba cha tatu kutoka chetu, na baiskeli yake ilikuwa na vikapu viwili nyuma na kimoja mbele. Kila asubuhi tulitoka pamoja, mimi kwa miguu na yeye akiisukuma baiskeli, kwa sababu hakupenda kupanda na kuniacha. Tulipita kwenye mashamba ya kahawa, ukungu bado umelala juu ya miti, na tulipofika Muthangari yeye aliingia kwenye nyumba za Wazungu, mlango wa jikoni mmoja baada ya mwingine, kisha akaendelea mpaka Hurlingham. Mimi nilinyoosha hadi mjini. Sijapata tena kutembea na mtu kwa namna ile. Tulizungumza juu ya kila kitu, na tukinyamaza hakuna aliyeona vibaya.

Ulipofika darasa la sita Mutisya alitoweka hapa Kangemi, nawe ukaniuliza amekwenda wapi. Nilikwambia amerudi kwao Machakos kwa sababu mama yake ni mgonjwa. Uliniamini. Mama yake alikuwa mzima kabisa.

Lakini lazima nianze na magari, maana bila kuyaelewa hutaelewa nilichomfanyia.

Mimi nilianza kazi Nairobi kama mtunza bustani. Jumamosi nilimwoshea bwana wangu gari lake, na aliporudi kwao Ulaya aliniandikia barua niende kwenye duka la magari katika barabara ya Delamere. Nilipewa kitambaa na kopo la nta. Kwa miaka miwili kazi yangu ilikuwa kung'arisha magari na kupangusa vioo vile vikubwa vya mbele. Wewe na mama yako mlikuwa mkija Jumamosi adhuhuri kunisubiri, mkisimama upande wa barabarani, nawe uliyatazama magari pua yako ikiwa imegandamana na kioo. Mlipokwisha kuondoka niliona alama ya pua yako, ndogo, chini kabisa. Nilitakiwa kuipangusa. Niliiacha mpaka Jumatatu, na Jumatatu nyingine niliiacha mpaka Jumanne.

Nyuma ya duka palikuwa na karakana ya viti. Fundi wake alikuwa Kalasinga mmoja mzee aitwaye Harnam, mwenye ndevu nyeupe na miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimzoea kwa sababu nilipenda harufu ya ngozi. Saa ya chakula nilikwenda kukaa karibu naye, naye akaanza kunipa mshono mmoja, kisha mwingine. Mkoba wako wa shule wa kwanza niliushona pale kwa mabaki. Watoto wenzako walidhani wewe ni binti wa mtu tajiri.

Siku moja yaliletwa karakanani magari mawili kwa pamoja, dogo na kubwa, yote ya kiwanda kimoja. Harnam alitoa viti vyote, akabandua mazulia na vitambaa vya milangoni, mpaka magari yakabaki mifupa. Akaniita nitazame. Nilitazama nikaona mabati, nyaya na skrubu.

Akasema, "Wewe onesha mimi tofauti."

Nilimwonyesha kwamba moja ni refu zaidi na injini yake ni nene zaidi. Akakubali. Akaniambia chuma kimeongezeka kidogo tu, na mtu wa kiwandani anayefunga mlango hutumia muda ule ule, mlango uwe mkubwa au mdogo. Rangi imezidi makopo machache. Meli haikudai mara mbili. Kisha akaniuliza kama najua bei zake. Nilizijua, maana zilikuwa zimeandikwa kwenye vibao ninavyovipangusa. Lile kubwa lilikuwa karibu mara mbili ya lile dogo.

"Hii dogo iko lipa mishahara ya kiwanda," akasema. "Hii kubwa iko jenga nyumba ya mwenye kiwanda. Ile kati ya hizo mbili, hiyo mimi na wewe nashona."

Alimaanisha ngozi, mbao iliyopigwa vanishi mbele ya usukani, kapeti, vyuma vinavyong'aa. Baadaye, nilipofanywa msaidizi wa Harnam, nilikata ngozi ile kwa mikono yangu, nikajua ng'ombe wangapi wanaingia katika gari moja, na nikajua kwamba kile anacholipa mnunuzi kwa ajili ya ngozi kingetosha kununua zizi zima. Wala si kwamba anadanganywa. Bei imeandikwa pale, naye anaisoma. Ila halipii ngozi. Analipia jinsi mlinzi wa hoteli atakavyokimbia kumfungulia mlango.

Tangu siku ile niliyaona magari kwa jicho jingine. Niliona kwamba lile dogo huwekwa nyuma, karibu na mlango wa stoo, na taa haiwashwi juu yake. Niliona kwamba lina kibao cha kukinga jua upande wa dereva tu, na upande wa abiria hakuna. Nilimwuliza Harnam kwa nini, maana kibao kile ni kipande cha kadibodi na kitambaa. Akacheka. Akasema kinaachwa makusudi, ili mke wa mnunuzi apigwe na jua usoni, na mwaka ujao wakanunue kubwa. Katika gari dogo faida ni nyembamba kiasi kwamba wauzaji huliuza kama wanaotoa msaada. Katika kubwa wanakuletea chai.

Nilijivuna kwa kujua mambo hayo. Nilidhani kujua kunanikinga.

Sasa Mutisya. Kwa miaka alikuwa akiweka akiba anunue kigari cha mizigo, kile kidogo chenye sanduku nyuma, apate kupeleka mayai mpaka Karen na Limuru. Hakuna Mwafrika wa mtaa wetu aliyekuwa na gari wakati ule. Tulipokuwa tukitembea asubuhi aliniuliza maswali, nami nilimjibu kama profesa. Siku alipokuwa tayari alivaa koti lake la kanisani akaja dukani, na wauzaji wakamwacha amesimama mpaka mimi nilipotoka nyuma na kumwambia muuzaji mkuu kwamba huyu ni mnunuzi kweli.

Muuzaji alinivuta pembeni. Sitamtaja jina, na amekwisha kwenda zake Rhodesia. Palikuwa na gari moja kubwa lililokuwa limetumika, la mkulima mmoja aliyebadilisha jipya. Duka lilikuwa limelichukua kwa bei ndogo sana, maana gari la fahari likishapitwa na toleo jipya huporomoka haraka kuliko dogo. Nilikuwa nimelishonea viti upya mimi mwenyewe, ngozi nyekundu iliyokolea, kazi yangu ya kwanza iliyokamilika tangu mwanzo hadi mwisho. Muuzaji akasema bei yake inalingana na kigari kipya cha mizigo. Akasema kwenye kigari kile duka halipati kitu, lakini kwenye hili litapata vizuri, na kama nitamsaidia rafiki yangu achague vizuri, atamwambia meneja nipewe nafasi ya fundi wa pili karakanani. Mshahara wa fundi, Fanisi. Wewe ulikuwa unakaribia shule ya bweni.

Ningeweza kukwambia kwamba nilifanya kwa ajili ya karo yako. Nimejiambia hivyo miaka mingi. Si kweli yote. Nilitaka kuona Mwafrika ameketi juu ya viti nilivyovishona. Nilitaka Mutisya apite Muthangari ndani ya gari kubwa kuliko la bwana wangu wa zamani, nami nimeketi kando yake.

Basi nikamwambia Mutisya kwamba gari kubwa ni imara zaidi. Nikamwambia buti lake linaingiza mayai mengi kama kigari kile, na kwamba mtu akikuona na kitu kikubwa anakuheshimu na biashara inakua. Nilimfungulia mlango akaketi. Alipapasa ngozi kwa vidole viwili, kama mtu anayegusa mtoto aliyelala.

Akaniuliza, "Wewe Elijah, ingekuwa ni wewe, ungechukua hii?"

Nikasema ningechukua hilo hilo.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya furaha kuliko zote. Unakumbuka jinsi watoto wa mtaa mzima walivyokimbia nyuma yetu, na mwenye nyumba wetu, yule nyanya, akaja kulimwagia maji ya baraka? Mutisya alinipeleka kazini. Nilishuka kona ya mbele kabla ya duka, nikijifanya naona aibu, nikitumaini wamenitazama.

Kisha mambo yakaanza kuharibika, kidogo kidogo. Petroli ilikuwa ikiyeyuka. Tairi moja ilikuwa na bei ya baiskeli. Springi zake zilikuwa laini, za barabara ya lami, na njia yetu ya kuteremka bondeni ilikuwa matope na mawe. Lakini hilo lingevumilika. Kilichomwumiza ni milango ya jikoni. Memsabu mmoja alitoka akaliona gari, likiwa kubwa kuliko la mumewe lililokuwa limeegeshwa pale pale, na tangu siku hiyo akamwambia mpishi mayai yananunuliwa kwingine. Wa pili akafanya hivyo, na wa tatu. Hakuna aliyesema sababu. Mutisya alidhani mayai yake yamekuwa mabaya, akawa anayapima kwenye maji moja moja.

Na polisi walimsimamisha. Zilikuwa siku za Hali ya Hatari, kila njia ina kizuizi, na kila askari alitaka kujua Mwafrika huyu gari hili amelitoa wapi. Alionyesha stakabadhi, wakamwacha, kesho yake wakamsimamisha tena. Kadi ya gari, ile inayothibitisha mwenyewe ni nani, ilikuwa bado dukani. Muuzaji alikuwa ameitia kwenye droo yake akisema ataipeleka kuandikishwa, na hakuipeleka. Mutisya aliniomba nimkumbushe. Nilimkumbusha mara moja, kwa sauti ya chini.

Ijumaa moja alikamatwa akiwa na buti limejaa mayai. Afisa aliyekuwepo hakuridhika na stakabadhi, akasema gari ni la wizi mpaka ithibitishwe vingine. Jioni ile mkewe Ndinda alikuja hapa, kwenye mlango huu ninaoandikia. Wewe ulikuwa unasoma ndani. Aliniambia kwa utulivu kwamba polisi wanataka kadi tu. Alijua iko dukani na alijua mimi nafanya kazi dukani. Nikamwambia kesho nitaipata.

Jumamosi duka hufunguliwa mpaka saa sita. Nilikwenda kwa muuzaji asubuhi. Alikuwa na mteja, nikangoja. Alipomaliza aliniambia mambo ya polisi si ya kuletwa dukani siku hizi, kwamba jina la duka litatajwa na kosa la droo litaonekana ni lake. Akaniambia mtu asiye na hatia huachiwa tu. Kisha akaniambia nafasi yangu ya fundi inaanza tarehe moja, siku tisa zimebaki, na itakuwa vibaya kama meneja atasikia nimeleta matata.

Droo ilikuwa pale. Ilikuwa haijafungwa hata kwa ufunguo. Nikarudi kwenye ngozi zangu.

Jumapili nilikwenda kanisani nawe ukiwa mkono wa kulia, ukaniuliza kwa nini siimbi. Nilikwambia koo linaniuma.

Jumatatu Harnam aliona nimekata ngozi kinyume, kosa ambalo sijapata kulifanya. Akaniuliza nina nini. Nikamwambia. Aliweka mkasi chini, akavaa koti lake juu ya aproni, akaingia mbele, akapita mezani kwa muuzaji bila kumtazama na kugonga kwa meneja. Nilisikia sauti za watu watatu, hakuna iliyopanda. Kisha alitoka akiwa na kadi mkononi na barua yenye mhuri. Meneja hakuwa hata na habari. Chai niliyomwachia Harnam ilikuwa bado moto.

Akanipa zile karatasi na kusema, "Siku tatu wewe iko ngoja hii?"

Nilikwenda mbio mpaka kituoni. Mutisya alitoka akiwa bila mkanda na bila kamba za viatu, na uso wake ulikuwa umevimba upande mmoja. Alilitazama gari lililokuwa limesimama juani siku tatu. Tulipofungua mlango harufu ya mayai ilitupiga. Ilikuwa imeingia kwenye ngozi. Aliliosha kwa sabuni, majivu na siki, na harufu haikutoka.

Mwezi ule ule alilirudisha dukani, maana hakuweza tena kulilisha. Walilichukua kwa bei ya kuchekesha, wakitaja harufu. Wakati huo mimi nilikuwa fundi wa pili. Kazi yangu ya kwanza katika cheo hicho ilikuwa kung'oa ngozi ile nyekundu, mshono kwa mshono, na kushona nyingine ya kijivu. Kisha gari liliuzwa kwa mwenye hoteli mmoja kwa bei ile ile ya kwanza, na zaidi. Gari moja lilikuwa limelipa duka faida mara mbili kwa mwaka mmoja, na kigari kidogo alichokitaka Mutisya kilikuwa bado kiko nyuma, karibu na stoo, bila taa.

Nilikwenda kwake nikamwambia yote. Ndinda alikuwepo, akiosha vikapu. Nilimwambia habari za nafasi niliyoahidiwa, na maneno ya muuzaji, na droo ambayo haikuwa na ufunguo. Nilitaka anitukane. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafikiri.

"Elijah," akasema, "gari nitakusamehe. Hata mimi nililipenda. Ile Jumamosi siwezi."

Baada ya wiki mbili walihama. Asubuhi nilitembea peke yangu, na nilipofika penye kahawa nilijikuta ninapunguza mwendo, kama ninayemngoja mtu wa baiskeli.

Ningependa kukwambia kwamba niliacha kazi ile. Sikuacha. Mshahara wa fundi wa pili ndio uliokupeleka bweni, na ndio uliokulipia mafunzo ya taipu. Nakwambia ili ujue, si ili ubebe. Wewe ulikuwa mtoto na ulisoma kwa bidii. Ila nisingependa uende Kampala ukidhani baba yako alipanda ngazi kwa ushoni peke yake.

Mwaka jana, wakati wewe uko kwenye mafunzo, Mutisya aliingia dukani. Nilimwona kupitia mlango wa karakana. Nywele zimeanza mvi. Muuzaji mpya, kijana wa Kiingereza, alimwendea kwa tabasamu akataka kumwonyesha gari lililokuwa katikati ya ukumbi chini ya taa. Mutisya alimshukuru, akampita, akaja mpaka nyuma nilipo. Nilisimama na sindano mkononi. Tulisalimiana kwa mkono.

Akasema biashara yake ya Machakos imekua na sasa anataka gari la mayai. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wewe ungechukua lipi?"

Fanisi, nimeulizwa maswali mengi maishani. Niliulizwa na askari aliyeshika kipande changu cha utambulisho, niliulizwa na mchungaji mbele ya madhabahu. Hakuna lililonitetemesha kama hilo. Angeweza kumwuliza mtu yeyote Machakos au Nairobi.

Nilimpeleka karibu na stoo. Nilimwonyesha kigari cha mizigo, nikamweleza mbele ya yule kijana kila kilichokosekana ndani yake na kwa nini. Nilimwambia duka karibu halipati kitu kwa hicho, ndiyo maana hakuna atakayemletea chai. Nilimlaza chini ya gari akazitazama springi, ngumu, za mzigo. Nilimwambia viti ni vya turubai na vitamchosha mgongo.

"Turubai inafuliwa," akasema.

Kadi niliifuatilia mwenyewe. Aliondoka nayo mfukoni, ina jina lake, siku ile ile aliyolichukua gari. Hakusema amenisamehe, nami sikumwuliza. Ila alipokwisha kuwasha injini alishusha kioo akauliza habari za nyumbani. Akauliza habari zako kwa jina. Nikamwambia unasomea ukarani. Akatikisa kichwa pole pole, akaondoka, na mimi nikarudi ndani nikakaa juu ya kiti cha mtu mwingine kisichokuwa na gari, mpaka Harnam akaniambia niende nyumbani.

Basi ndilo hilo. Sina la kukufundisha kuhusu kazi yako, maana taipu siijui na Kampala siijui. Hutapanga bei wewe, na hakuna ubaya kuuza gari kubwa kwa mtu anayelitaka na kulimudu. Hata mimi bado nayapenda. Nikishona ngozi nzuri mpaka leo nafurahi kama zamani. Lakini iko siku mtu atakuja mpaka mezani kwako, si kwa muuzaji, kwa sababu wewe ni mtu wa kwao au kwa sababu uso wako ni mwema, na atakuuliza wewe ungechukua lipi. Siku hiyo utanikumbuka. Na kama utakosea, maana watu hukosea, na pakawa na droo ambayo unaweza kuifungua, ifungue Jumamosi.

Nasikia sauti zao wakirudi. Shangazi yako anaimba, kwa hiyo hawako mbali.

Kesho stesheni sitakuwa na maneno, mama. Unajua ninakuita mama kwa sababu una jina la mama yangu, na yeye pia nilipomuaga mara ya mwisho sikuweza kusema kitu. Utakapoisoma hii utakuwa umeniona natazama magurudumu ya treni badala ya kukutazama usoni; usidhani nilikuwa nakagua kazi ya watu wa reli. Nilikuwa nangoja yaanze kuzunguka, nipate kulia bila wewe kuniona.

Mimi baba yako,
Elijah